Mmea Unaobana Mishipa ya Mapafu

Katika nyumba nyingi za parokia zetu kuna kifurushi ambacho mgeni haonyeshwi. Kimeviringishwa kwa gazeti au kitambaa, kimewekwa juu ya kabati au nyuma ya mtungi, na ndani yake mna mizizi, magome au mbegu zilizokaushwa. Mtoto akilia tumbo, kifurushi hufunguliwa. Mama akiwa ametoka kujifungua na kiuno kinamsumbua, hufunguliwa tena. Lakini siku mgonjwa anapofikishwa zahanati, na daktari akauliza, "Huko nyumbani ametumia dawa gani?" jibu huwa ni lile lile: "Hajatumia kitu." Tunajibu hivyo kwa kuogopa kugombezwa mbele ya watu, na tukubali kwamba baadhi ya wahudumu wa afya hugombeza kweli.

Mwezi huu tunapenda kueleza kwa nini jibu hilo la "hajatumia kitu" linaweza kumnyima mgonjwa msaada. Hatutazungumzia dawa zote za miti shamba, kwa sababu hazifanani, na wako wanaozisema vibaya zote kwa pamoja bila kuzijua hata moja. Tutachukua jamii moja tu ya mimea, ambayo wengi wetu tunaiona shambani kila msimu, na tutaifuata ndani ya mwili mpaka mahali inapofanyia kazi yake, yaani kwenye mishipa midogo ya damu ndani ya mapafu.

Kisa cha mwaka 1975

Mwaka 1975 jarida la madaktari wa magonjwa ya kifua la Uingereza, liitwalo Thorax, lilichapisha makala kuhusu mmea kutoka Tanzania. Profesa Donald Heath wa Liverpool, aliyekuwa bingwa wa kuchunguza mishipa ya mapafu, aliandika pamoja na wenzake juu ya kijana mmoja Mtanzania aliyekuwa na presha kubwa katika mishipa ya mapafu. Madaktari hawakuona chanzo chake. Ugonjwa wa namna hiyo usio na chanzo kinachojulikana hupatikana kwa nadra, na mara nyingi daktari huishia kuandika tu kwamba haujulikani umetoka wapi.

Hao hawakuishia hapo. Waliporudi nyuma katika habari za mgonjwa ilionekana kwamba huenda alikuwa ametumia dawa ya kienyeji iliyotokana na mmea ambao wataalamu wanauita Crotalaria laburnoides. Basi mbegu za mmea huo zilichukuliwa wakalishwa panya wa maabara. Panya wale nao wakapata presha ya mapafu.

Jambo linalotugusa katika kisa hiki ni lile swali la zamani: umetumia dawa gani? Bila swali hilo, na bila mtu wa kulijibu, mmea ule usingefikiriwa kabisa.

Pampu mbili katika moyo mmoja

Ili tuelewe mmea unafanya nini, inatubidi kwanza tuyatazame mapafu katika hali ya uzima.

Tumezoea kusema moyo ni pampu. Ukweli ni kwamba moyo ni pampu mbili zilizoshikamana. Upande wa kushoto husukuma damu iende mwilini kote, kuanzia kichwani hadi vidole vya miguu. Damu hiyo ikirudi, huingia upande wa kulia, nao huisukuma kwenye mapafu ikachukue hewa safi. Halafu hurudi kushoto na safari huanza upya. Mtu mzima akiwa amepumzika, kila upande hupitisha kama lita 5 za damu kwa dakika moja, kiasi kile kile kulia na kushoto.

Tofauti iko katika nguvu. Presha tunayopimwa mkononi kwa ule mkanda unaojazwa upepo ni ya upande wa kushoto, na kwa mtu mzima mwenye afya huwa karibu 120 kwa 80. Katika mishipa ya mapafu, wastani wa presha ni kama 14 tu, na ukizidi 20 madaktari huhesabu kwamba kuna ugonjwa. Yaani damu yote ya mwili hupita katika mapafu kwa nguvu isiyofika hata sehemu ya tano ya ile inayotumika kuizungusha kwingine.

Waliowahi kumwagilia shamba kwa mfereji watatuelewa upesi. Kupandisha maji mlimani kunahitaji mashine yenye nguvu na bomba gumu. Kuyapitisha kwenye majaruba ya mpunga kunahitaji mfereji mpana tu wenye mteremko mdogo. Ukiyaachia kwa nguvu yatabomoa kingo na kufurika. Mapafu ni kama majaruba hayo. Kati ya damu na hewa tunayovuta kuna utando mwembamba mno, na presha ikiwa kubwa maji ya damu huvuja yakaingia kwenye vifuko vya hewa. Kwa hiyo mishipa ya mapafu ni laini na mipana, na upande wa kulia wa moyo una ukuta mwembamba, kwa kuwa kazi yake ni nyepesi.

Mishipa hiyo midogo imezungukwa na misuli laini. Misuli hiyo hailegei kabisa wala haikazi kabisa. Hukaa katikati, kama mkono ulioshika mpira wa maji bila kuuminya. Anayeiambia ikaze au ilegee ni utando wa seli unaofunika mshipa kwa ndani. Zamani utando huo ulidhaniwa ni kama plasta ya ukuta, ya kulainisha tu. Mwaka 1980, Robert Furchgott wa New York alionyesha kwamba mshipa uliokwanguliwa utando wake wa ndani haulegei hata ukipewa dawa ya kuulegeza. Baadaye iligundulika kwamba utando huo hutoa hewa iitwayo naitriki oksidi, nayo ndiyo inayowapa misuli amri ya kulegea. Mwaka 1998 Furchgott, pamoja na Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Utando huo huo hutoa pia kitu kingine, endotelini, kilichogunduliwa Japani mwaka 1988, ambacho hukaza mishipa kwa nguvu sana. Mtu akiwa mzima, amri hizi mbili zinapimana. Utando ukiunguzwa, amri ya kulegea hupungua na ile ya kukaza huzidi.

Mmea unaolia kama kayamba

Sasa tuutazame mmea wenyewe. Jina la kitaalamu Crotalaria limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya chombo cha kuchezeshea ngoma kwa kukitikisa. Ukilitikisa ganda lake lililokauka, mbegu hulia ndani kama kayamba. Maua yake kwa kawaida ni ya manjano, yenye umbo kama la ua la kunde. Ziko aina zaidi ya 600, na nyingi kabisa zinaota hapa Afrika.

Wakulima wengi wa Tanzania wanaijua jamii hii kwa jina la marejea. Wabenediktini wa Peramiho, mkoani Ruvuma, waliihimiza sana marejea tangu miaka ya 1980, kwa sababu hurutubisha udongo uliochoka na kuyafunika magugu mpaka yakafa. Walifanya jambo jema, na makala hii haikusudii kuwang'olesha watu marejea zao. Aina waliyoihimiza ni Crotalaria ochroleuca. Hali kadhalika huko Kenya, kandokando ya Ziwa Viktoria, majani machanga ya aina hiyo na ya nduguye Crotalaria brevidens huchemshwa na kuliwa kama mboga. Waluo huyaita mitoo, na wameyala vizazi kwa vizazi. Aina za jamii hii hazilingani kwa sumu, na hata ndani ya mmea mmoja mbegu huwa na sumu nyingi kuliko majani machanga. Anayesema "marejea ni sumu" amekosea, na anayesema "marejea ni chakula, kwa hiyo hata mbegu zake ni dawa salama" amekosea zaidi.

Kule Marekani walijifunza hivyo kwa hasara. Aina iitwayo Crotalaria spectabilis ilipelekwa katika majimbo ya kusini iwe mbolea ya kijani, kama marejea yetu. Baada ya muda kuku na ng'ombe walianza kufa. Mwaka 1935 wataalamu walitoa katika mbegu zake kiini chenye sumu wakakiita monokrotalini. Huko Afrika Kusini nako, tangu mwanzoni mwa karne ya 20 ilijulikana kwamba farasi waliokula aina nyingine za mmea huu walipata ugonjwa wa mapafu, wakawa wanahema hata wakiwa wamesimama. Mmea wenyewe hauna ugomvi na farasi. Umejiwekea sumu hiyo ujikinge na wadudu na wanyama wanaoula.

Ini linapogeuza kitu kuwa kibaya zaidi

Ajabu ya monokrotalini ni kwamba ikimezwa, yenyewe haina ukali mkubwa. Ukali hupatikana ndani ya ini.

Ini ni jiko la mwili. Kila kilichofyonzwa kutoka tumboni hupita hapo kwanza, kipikwe, kivunjwe, kifanywe chepesi kutolewa kwenye mkojo. Dawa nyingi za hospitali hupita njia hiyo hiyo. Monokrotalini ikifika, ini hujaribu kuishughulikia kama kawaida, lakini katika kuivunja hutokea kitu kikali ambacho hung'ang'ania chochote kilicho karibu nacho. Kiasi fulani huishia hapo hapo, kikaunguza mishipa midogo ya ini. Kinachobaki huchukuliwa na damu.

Na damu inayotoka kwenye ini inaelekea wapi? Huingia mshipa mkubwa, hufika upande wa kulia wa moyo, na kutoka hapo huenda moja kwa moja kwenye mapafu. Safari ni fupi. Mishipa myembamba ya kwanza ambayo sumu inaikuta njiani ni ya mapafu, na huko ndiko inakoushika ule utando wa ndani tuliousema.

Mwaka 1967 Profesa Heath na wenzake J. M. Kay na Peter Harris walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba panya waliolishwa mbegu za ile aina ya Marekani walipata presha ya mapafu. Tangu wakati huo monokrotalini imekuwa kifaa cha kazi katika maabara za dunia nzima: mtafiti anayetaka kujaribu dawa mpya ya presha ya mapafu humchoma panya sindano moja ya monokrotalini ili kwanza amfanye mgonjwa. Sindano moja tu. Siku za mwanzo panya huonekana mzima. Anakula, anatembea. Lakini ndani, utando umejeruhiwa, na amri ya kulegea imepungua. Misuli inayozunguka mishipa huanza kukaza, halafu hunenepa, kisha huota hata katika mishipa myembamba ambayo zamani haikuwa na misuli. Njia ya damu huwa finyu. Ifikapo wiki ya tatu au ya nne presha imepanda sana, ukuta wa moyo wa kulia umenenepa kwa kazi ambayo haukuumbiwa, na wengi katika panya hao hufa. Wakati huo sumu yenyewe ilikwisha kutoka mwilini zamani.

Tunaomba msomaji alitazame jambo hili la muda kwa makini. Tumezoea kufikiri kwamba sumu huua siku ile ile: mtu akila uyoga mbaya usiku, asubuhi tunajua. Sumu ya namna hii haiendi hivyo. Dawa imenywewa, tumbo limetulia, mganga amelipwa na kushukuriwa. Ugonjwa ukija baadaye, nani atakumbuka kile kikombe?

Je, binadamu naye?

Ni haki msomaji kuuliza hivyo, kwa kuwa panya ni panya. Tujibu kwa uangalifu.

Kuhusu ini, madhara kwa binadamu hayana ubishi. Katika miaka ya 1950 huko Jamaika, Dkt. Gerrit Bras na wenzake walikuwa wakiona watoto wengi wenye matumbo yaliyojaa maji na maini yaliyovimba. Chanzo kilikuwa chai ya majani ya porini ambayo wazazi waliwanywesha watoto wao kila walipopata homa au mafua, na mojawapo ya mimea iliyotumiwa ilikuwa ya jamii hii yetu. Wazazi wale waliwapenda watoto wao kama sisi tunavyowapenda wetu, na chai ile ilichemshwa vizuri. Kuchemsha hakukuiondoa sumu. Mwaka 1975, katikati ya India, mbegu za Crotalaria zilichanganyika na nafaka ndogo inayofanana na ulezi, watu wakala pasipo kujua. Iliripotiwa kwamba wagonjwa walikuwa 67, na 28 kati yao walikufa. Na mwaka 1988 madaktari wa Uswisi waliandika juu ya mtoto mchanga aliyekufa kwa ugonjwa wa namna hiyo wa ini. Mama yake alikuwa amekunywa kila siku, wakati wa ujauzito, chai ya majani iliyokuwa na sumu ya ukoo huo. Mama mwenyewe hakuugua.

Kuhusu mapafu ya binadamu, ushahidi ni mdogo zaidi. Kisa cha yule kijana kilikuwa ni shaka yenye msingi, ikathibitishwa kwa panya tu. Pia mwaka 1971 Heath na Bras walishirikiana na wenzao kujaribu kiini cha ile chai ya Jamaika, kiitwacho fulvini, na mapafu ya panya yakaonyesha mabadiliko yale yale. Mahakamani pengine hiyo isingetosha kumfunga mtu. Lakini sisi hatuko mahakamani. Tunaamua kama kikombe apewe mtoto au asipewe. Kwa kuwa tunajua kwamba sumu hii huharibu ini la binadamu, na kwamba kutoka ini hadi mapafu ni safari ya sekunde chache tu, sisi tunaona sababu za kutompa zinatosha kabisa.

Dalili, na tusimkimbilie mganga kumlaumu

Mwenye presha ya mapafu huanza kwa kuchoka upesi. Kilima alichokuwa akikipanda akienda kisimani akiwa anaongea, sasa anasimama mara mbili. Watu husema amezeeka au ni mvivu. Baadaye pumzi hukatika hata kwa kazi ndogo, moyo hudunda, kichwa huzunguka, na wengine huzimia wanapojikaza. Mwishoni moyo wa kulia unaposhindwa, miguu huvimba, tumbo hujaa maji, mishipa ya shingo hutuna, na midomo huwa ya rangi ya buluu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: kipimo cha presha cha mkononi hakiioni presha ya mapafu. Mtu anaweza kupimwa zahanati akaambiwa presha yake ni nzuri kabisa, na ikawa kweli kwa upande wa kushoto, huku upande wa kulia unaelemewa. Kinachosaidia kuanza uchunguzi ni kile kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, ambacho wahudumu hukiita eko. Hakichomi wala hakiumi. Kinapatikana katika hospitali kubwa kama Bugando na Muhimbili, pamoja na hospitali nyingine za mikoa. Daktari akikuandikia rufaa ya eko, usiiweke chini ya godoro ukingoja mavuno.

Hata hivyo, mwenye dalili hizo asikimbilie kumshtaki bibi aliyempa dawa. Katika nchi zetu vyanzo vilivyo vya kawaida zaidi ni vingine. Ugonjwa wa valvu za moyo unaofuata koo la mtoto lisilotibiwa ni mmoja. Makovu ya kifua kikuu ni chanzo kingine, na vivyo hivyo moshi wa kuni uliovutwa jikoni kwa miaka mingi, selimundu na virusi vya UKIMWI. Kwa ndugu zetu wa kandokando ya Ziwa, kichocho cha tumbo ni cha kutajwa peke yake: mayai ya minyoo hiyo huziba mishipa ya ini, kisha baadhi hupenya na kufuata njia ile ile tuliyoieleza, mpaka kwenye mapafu. Tumewahi kuzungumza na watu waliotibiwa pumu kwa muda mrefu, kumbe tatizo lilikuwa moyo wa kulia.

Ugonjwa ukijulikana, kuna la kufanya. Chanzo kikiwepo hutibiwa. Zipo dawa za kupunguza maji mwilini, ipo hewa ya oksijeni, na tangu mwaka 2005 dawa iitwayo sildenafili imekubaliwa pia kwa presha ya mapafu, kwa kuwa huifanya ile amri ya kulegea idumu muda mrefu zaidi. Ndiyo, ni ile ile ambayo wanaume wengine huinunua kwa siri kwa shughuli nyingine. Asiinunue mtu dukani akajitibu mapafu. Ikikutana na baadhi ya dawa za moyo hushusha presha ya mwili mpaka mtu akapoteza maisha.

Mimea inayolegeza

Tusije tukaeleweka kwamba kila kitokacho porini hubana mishipa. Aminofilini, dawa ambayo wazazi wengi wenye watoto wa pumu wanaikumbuka, ina kiini kiitwacho theofilini. Kiini hicho Mjerumani Albrecht Kossel alikipata mwaka 1888 katika majani ya chai, haya haya tunayokunywa asubuhi. Hulegeza njia za hewa, na hulegeza pia mishipa ya damu ya mapafu. Kikombe cha chai kina kiasi kidogo mno kisichoweza kutibu, na ndiyo sababu kiini kilitolewa, kikapimwa, kikajulikana kipimo kinachosaidia na kipimo kinachodhuru. Maana hata aminofilini ikizidi husababisha degedege.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya kikombe na kidonge. Mganga wa jadi anaweza kuwa anaufahamu mti vizuri kuliko daktari, lakini mbegu za mwaka wa jua kali hazina nguvu sawa na za mwaka wa mvua, na kikombe hakina alama ya miligramu. Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili imefanya kazi ya kuchunguza dawa zetu kwa miaka mingi, na waganga wanaokubali kushirikiana na wataalamu wa namna hiyo wanastahili heshima.

Nyumbani na shambani

Kwa ufupi wa nafasi tuliyo nayo, haya ndiyo tungeomba yafanyike.

Mbegu na mizizi ya marejea, na ya mimea yote inayolia kama kayamba, zisifanywe dawa ya kunywa. Zaidi sana wasipewe watoto wadogo, mama wajawazito na wanaonyonyesha. Komfri, ambayo baadhi yetu tuliipanda uani kwa ajili ya sungura na baadaye tukaanza kuinywa kama chai, ina sumu za ukoo huo huo. Mwaka 2001 serikali ya Marekani iliwataka watengenezaji waiondoe katika bidhaa za kumezwa. Wanaokula mitoo waendelee na majani machanga yaliyochemshwa kama walivyofundishwa na wazee wao, na mbegu waziache kwa ajili ya kupanda.

Anayelima marejea kwa mzunguko na ulezi au mtama aangalie uvunaji wake. Mbegu za marejea ni laini, zinang'aa, na zina umbo la figo; za ulezi ni ndogo zaidi na za mviringo. Chekecheke yenye matundu madogo huzitenganisha, lakini ni afadhali kung'oa mimea iliyojiotea yenyewe kabla haijakomaza maganda. Chenga zenye mbegu hizo asitupiwe kuku.

Na ukifika zahanati, taja kila kilichonywewa tangu miezi michache iliyopita, hata kama kilisaidia, hata kama aliyekitoa ni mama mkwe. Jina la kienyeji peke yake halitoshi, kwa sababu jina moja huweza kuitwa mimea mitatu katika vijiji vitatu. Kata tawi lenye maua na maganda, lilaze kati ya kurasa za gazeti lisinyauke vibaya, uende nalo. Kama kilichobaki ni kile kifurushi cha juu ya kabati, kichukue chote kama kilivyo.